Kaango la Bibi: Siku Tano Kongwa

Jumatano

Mama aliniagiza kitu kimoja tu. Hakutaka asali wala ubuyu, hakutaka hata zabibu ambazo kila mtu wa Dar akisikia unakwenda Dodoma lazima akuagize. "Niletee lile kaango la mama," alisema, mguu wenye goti bovu ameunyoosha juu ya stuli. "Kama bado lipo."

Kaango lenyewe si la dukani. Ni diski ya plau ya trekta, chuma kizito, kipana kama sinia la kulia watu watano, kimebonyea katikati. Babu alilipata kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza pale Kongwa, mwaka walipofunga virago. Lilikuwa na tundu katikati, akaliziba kwa kipande cha chuma alichokipasha moto na kukifua mwenyewe. Bibi akalifanya kaango la karanga kwa maisha yake yote.

Mara ya mwisho nilikwenda Kongwa kumzika bibi, miaka 11 iliyopita. Tulilala siku mbili tukageuza. Mji hauonekani msibani. Unaona turubai, masufuria na nyuso za watu wanaokuuliza kama unawakumbuka.

Safari hii nimepanda treni ya umeme, ile iliyoanza kupeleka abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Kwa mwendo wa saa tatu na dakika kadhaa tu tukawa tumefika, na mimi sikufumba jicho, nilikuwa naisubiri stesheni ya Gulwe. Mahandaki ya Kilosa tuliyapita masikio yakiziba na kuzibuka. Halafu bonde likafunguka, milima ikaanza kukauka rangi, mbuyu wa kwanza, wa pili, kisha ikawa mibuyu tu. Gulwe ikaja ikapita. Treni ya haraka haikusimama.

Nilipokuwa na miaka sita tulishuka hapo mimi na mama, alfajiri, kutoka treni ya zamani ya reli ya kati, ileile ambayo Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910. Tulikuwa tumeondoka Dar jioni. Nakumbuka baridi iliyonishika, nikadhani naumwa. Mama alinifunga kanga mbili kifuani, akaninunulia chai ya rangi kwa mwanamke mmoja aliyekuwa na birika juu ya jiko la mkaa, akaniambia, "Hii ndiyo baridi ya kwetu, izoee." Kutoka pale tulipanda lori mpaka Mpwapwa, tukapata lingine la kutufikisha Kongwa jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Leo nimeipita Gulwe kabla sijamaliza kumwonyesha jirani yangu wa kiti. Nimefurahi kufika mapema, lakini nilitamani isimame hata dakika moja.

Usiku nimelala gesti karibu na soko la Majengo. Upepo wa Julai umegonga bati usiku kucha.

Alhamisi

Kosta ya Kongwa inaondoka ikijaa, nayo ilijaa saa nne. Ihumwa, kisha Mtumba na majengo mapya ya wizara. Nilipokuwa mtoto hapa palikuwa pori na mbuzi, japo uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa umeshafanywa tangu 1973. Tukapita Chamwino, ilipo Ikulu, na Buigiri. Mbele kidogo ya Buigiri tairi la nyuma likapasuka. Nusu saa tumekaa kivulini mwa mbuyu, akina mama wakigawana machungwa, kondakta akilaumiwa na kila mtu.

Mbande ndipo unapoiacha barabara kuu ya Morogoro na kukata kuelekea Kongwa. Wauza karanga walituzunguka kabla gari halijasimama, vifurushi vimepangwa kwenye beseni kama matofali. Sikununua. Nilijiambia karanga ya kwanza nitakayokula itakuwa ya nyumbani.

Kutoka hapo sikuhitaji mtu kunionyesha njia. Milima ya Kiboriani inasogea polepole mbele yako, upande wa pili wake iko Mpwapwa, na mji wa Kongwa umejilaza chini yake. Nilishuka stendi, nikachukua bodaboda. Karibu na nyumba ya mama mdogo, chini ya mwarobaini, walikuwepo wazee wanne wamekaa kwenye vigoda. Nikashuka kwenye pikipiki, nikawaambia, "Mbukwenyi!"

Kigogo changu kinaishia hapo na maneno mengine machache, lakini wazee wale waliitikia kwa pamoja, mmoja akanyanyuka kabisa akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtaja bibi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia mpaka mama mdogo alipotoka uani.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekonda! Huko Dar hamli?"

Ana miaka 66, ndiye kitinda mimba wa bibi, na ndiye aliyebaki. Wengine wote tuko mijini. Usiku tulikula ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi. Sikuuliza habari za kaango. Kufika kwa watu na kuanza kuulizia vitu vya marehemu kabla hata mavumbi ya safari hayajanitoka, bibi mwenyewe angenikemea.

Ijumaa

Nimeamshwa na sauti. Kabla sijafumbua macho nilijua ni nini: mchanga ukiburuzwa juu ya chuma kwa mwiko wa mti, *kwachaa, kwachaa,* kwa mwendo uleule. Nilitoka na kanga begani. Mama mdogo alikuwa ameinama kwenye mafiga, moshi umemzunguka, na kaango likiwa juu ya moto.

Nililitazama kwa karibu kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Ukingo umelika upande mmoja, umekuwa mwembamba kama kisu, kule mkono wa bibi ulikokuwa ukigongesha mwiko kung'uta mchanga. Ile chuma aliyoziba babu katikati inaonekana kama kitovu, rangi yake tofauti kidogo na chuma kingine. Nje ni jeusi la masizi, ndani linang'aa kama sarafu iliyoshikwashikwa.

Karanga mama mdogo alikuwa amezilowanisha maji ya chumvi tangu juzi, akazianika jana jua lote. Kwanza anapasha mchanga peke yake, mchanga wa korongo uliochekechwa ukabaki laini. Ukishapata moto ndipo anamwaga karanga, na kuanzia hapo mkono hausimami. Mchanga unaziivisha pande zote kwa pamoja; ukizikaanga kavu zitaungua mgongo na tumbo libaki bichi. Akazinusa. Akachukua moja, akaifikicha kwa vidole, ganda jekundu likapeperuka, akaivunja na kunionyesha ndani: rangi ya maziwa yenye chai kidogo. "Hapa unatoa," alisema. "Zitamalizia kuiva zenyewe kwenye chekeche."

Zilikuwa za moto mno, nikazila hivyohivyo.

Kila siku anakaanga debe moja. Mjukuu wake anazipeleka stendi kabla ya saa nne, na ndizo zinazolipa sare, madaftari, umeme wa luku na dawa zake za presha. Hayo nilikuwa sijui. Mimi na ndugu zangu huwa tunatuma pesa mara mojamoja tukidhani ndizo zinazomweka.

Nikasema nilichotumwa. Nilikisema vibaya, haraka, nikiwa bado natafuna. Mama mdogo aliendelea kukung'uta chekeche. Halafu akauliza, bila hasira, "Na mimi nikaangie wapi?"

Nikapiga simu Dar, nikampa aongee na dada yake. Waliongea Kigogo karibu dakika ishirini, mimi nikiokota neno hapa na pale. Mara sauti zilipanda, mara wote wakanyamaza kabisa, nikasikia kuku wakiparua. Aliponirudishia simu, mama aliniambia, "Liache hapohapo. Mimi nilifikiri limetupwa stoo. Sikujua kama bado linawekwa motoni."

Jioni tulikwenda shambani, na hapa lazima nieleze, kwa sababu kuna maneno nimeyasikia tangu shuleni na yananiuma.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mradi wa kulima karanga Tanganyika. Ulilenga ekari zaidi ya milioni 3, na Kongwa ndiko walikoanzia, kabla ya Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, mengine yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Pori lilikatwa kwa kukokota minyororo mizito katikati ya mashine mbili. Babu alikuja kutoka Singida mwaka 1948, kijana wa kazi, akajifunza kufunga na kufungua majembe ya trekta. Januari 1951 ukatangazwa mwisho wa mradi. Pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Babu hakurudi Singida, alikuwa ameshamwona bibi.

Tangu hapo watu husema karanga ziliikataa Kongwa, kwamba Ugogo ni nchi kame, haizai. Mwalimu wetu wa historia aliisimulia hivyo darasani na watoto wakanigeukia.

Mama mdogo alinipeleka kwenye kona ya shamba penye udongo mwekundu wa mfinyanzi. Akainua jembe na kulishusha. Lilirudi na mlio kama limegonga saruji. Akanipeleka hatua kama mia hivi, karibu na korongo, kwenye kichanga, akaliachia tu likazama. Kisha akachuchumaa akanieleza jinsi karanga inavyojizaa: ua linachanua juu, likishanyauka linatoa kikonyo kinachoinama na kuchoma ardhi, na ganda linakwenda kukua humo gizani. "Ardhi ikiwa ngumu kikonyo kinaingilia wapi? Na hata kikiingia, siku ya kung'oa unabaki na majani mkononi, karanga zote zimekatikia chini." Bibi alijua hilo. Mama yake bibi, aliyeiona njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, alijua hilo. Hawakulima karanga kila mahali. Walilima penye kichanga, kipande kidogo, mvua za kwanza, na pembeni wakaweka uwele na mtama ili mvua ikikata wasife. Wale waliokuja na matrekta walikuta mfinyanzi umelowa, ukauka, ukawa mwamba, na mchanga mkali uliomo ndani yake ukatafuna majembe. Plau zililika hapa. Diski ya babu ni mojawapo ya zile zilizolika mpaka zikatupwa.

Leo sehemu kubwa ya shamba la mama mdogo anapanda mbegu ya Pendo, kwa kuwa inawahi kukomaa mvua isijaiacha. Lakini mistari mitatu ya kando ya korongo ni karanga ndogo nyekundu za bibi. Haziuzi. Ni za kula na za mbegu. Mkoa mzima wa Dodoma unalima karanga, malori yanazibeba. Sitaki tena kumsikia mtu akisema ziliikataa Kongwa.

Jumamosi

Asubuhi tumekwenda penye nyumba ya bibi. Ilikuwa tembe, ukuta wa miti na udongo, paa bapa la udongo ambalo sisi watoto tulikuwa tunalipanda kuanika mlenda na kuangalia ng'ombe wakirudi. Tembe isipokandikwa kila mwaka mvua inairudisha ardhini. Imebaki tuta refu lenye kona, na jiwe la kusagia limekaa palepale lilipokuwa, limeota majani pembeni. Nilikaa juu ya tuta, mahali nilipokisia ndipo kilipokuwa kitanda changu. Mama mdogo aliniacha, akaenda kufyeka makaburini. Kaburi la bibi na la babu yako pamoja, chini ya mti wa mkaratusi ambao babu alikuja na mche wake kazini. Nilimwaga maji, nikawaambia mama anawasalimia na kwamba goti ndilo lililomzuia.

Jioni yule mzee aliyenishika mkono chini ya mwarobaini alikuja kuongea. Ana miaka 84. Nikamwandalia chai na karanga, nikamkaribisha: "Babu, karibu mendoi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Bado mnaziita hivyo?"

Nyumbani kwetu karanga za chumvi zilizokaangwa tunaziita mendoi. Mama anasema hivyo mpaka leo Mbagala. Maisha yangu yote nilijua ni Kigogo, na nimewahi hata kumfundisha mtu.

Mzee akanieleza. Miaka ya 60, wapigania uhuru walipowekewa kambi hapa Kongwa, walikuja kwanza wa Msumbiji, halafu wa Afrika Kusini, Namibia, Angola, Zimbabwe. Samora Machel mwenyewe aliongoza kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, hapahapa, miaka mingi kabla hajawa rais wa nchi hiyo. Mzee alikuwa kijana, akiwapelekea maziwa. Bibi yangu akiwapelekea karanga. Wale wa Msumbiji hawakujua Kiswahili bado, wakawa wakimwona tu wanapaza sauti, *amendoim, amendoim*, ndivyo zinavyoitwa kwa Kireno. Bibi akaona basi hilo ndilo jina la biashara. Akawa anapita na ungo wake kichwani akiita, "Mendoi! Mendoi za moto!" Mjini wote wakamfuata.

"Wale vijana walimpenda," mzee alisema. "Wengine walikuwa hawajafika ishirini. Usiku walikuwa wanaimba, tunawasikia mpaka huku. Bibi yako akawa anaacha kibaba kizima bila kulipwa, anasema hawa wana mama zao mahali."

Wapo waliooa hapa, wapo walioacha watoto, na wapo waliobaki kwenye makaburi ya wapigania uhuru yaliyopo hapa mjini. Tulikwenda huko kabla jua halijazama, mzee akitembea mbele na fimbo. Hakusema kitu. Alivua kofia. Mimi nilikuwa na karanga mfukoni, na nikaona aibu kutafuna, kisha nikaona ingekuwa vizuri zaidi nikiziacha. Nikaweka gao moja juu ya jiwe.

Jumapili

Ibada ya kwanza katika kanisa la Anglikana. Kwaya ya Wagogo haihitaji kipaza sauti. Sauti za akina mama zinaingia moja baada ya nyingine, kwa ngazi, mpaka unahisi benchi linatetemeka. Watu waliomjua bibi walinipanga mstari nje. Nimepewa kuku, ubuyu, mayai na mwaliko wa harusi ya Septemba.

Mama mdogo alikaanga debe la pekee, akajaza ndoo ndogo ya rangi, akaifunga kwa karatasi. Halafu akaleta fundo la kitambaa. Ndani yake zilikuwa karanga nyekundu za bibi, hazijamenywa. "Hizi usimwache mtu azimenye mpaka siku ya kupanda," alisema. "Ganda ndilo linalolinda roho ya mbegu."

Nikapata basi Mbande saa sita mchana. Wauza karanga walikuja dirishani, nikawanunulia watoto wa kiti cha nyuma.

Nimefika Mbagala usiku. Mama alikuwa hajalala. Alionja za ndoo kwanza, akatafuna taratibu, akasema, "Chumvi yake yeye huwa inazidi. Mama alikuwa anatia nusu ya hii." Akala nyingine, na nyingine tena. Nikamsimulia habari ya amendoim. Alinyamaza muda mrefu, kisha akalirudia lile neno polepole, mara mbili.

Lile fundo hakulifungua kwenye meza. Aliliweka mapajani, akalipapasa kwa nje kama mtu anayehesabu, akauliza vuli ya huku Dar inaanza mwezi gani, na kama ile ndoo iliyotoboka nimeshaitupa. Udongo wa Mbagala ni kichanga kitupu. Halafu akachukua simu, saa nne ya usiku, akampigia mdogo wake kumuuliza mama yao alikuwa akizifukia vidole vingapi.